Nililinda ungo wa simu nje ya ua wa unyago. Ngoma zetu za Kusini zinakwenda wapi?

Mjomba wa Kitangari

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye chai aisogeze karibu.

Desemba iliyopita nilishuka Newala, kijijini upande wa Kitangari, kumtoa mpwa wangu unyagoni. Kwa wasiotujua Wamakonde: mtoto wa dada ni wa ukoo wetu, kwa hiyo mambo yakifika anatafutwa mjomba. Dada alinipigia simu tangu Oktoba, minada ya korosho ilipoanza. Hakuniuliza kama nitakuja. Aliniuliza nitakuja na nini.

Nilikuwa na picha yangu kichwani. Nilipokuwa mdogo, usiku wa kuamkia siku ya kutoka, wapiga ngoma walikuwa wanawasha majani makavu, wanazielekeza ngozi kwenye ule mwali wa moto, wanagonga, wanasikiliza, wanarudisha tena. Kazi ya kupasha ngoma peke yake ilikuwa tamasha. Chinganga, kile kingoma chembamba chenye mguu uliochongoka, kilichomekwa ardhini mbele ya mpigaji, na kikishapata moto sauti yake inakwaruza sikio. Hicho ndicho kilichoita ngoma nyingine. Ukikisikia ukiwa shambani, miguu inajua pa kwenda.

Safari hii nilikuta spika mbili zenye urefu wa mlango, jenereta nyuma ya choo, na kijana mwenye kofia amekaa nyuma ya meza ya shule. Singeli kuanzia saa mbili usiku. Akina mama sare za kitenge, wengine wamekopa ili waipate. Na spika hizo, niseme ukweli kabla dada hajaniumbua humu, nilizilipia mimi.

Sasa kilichonifanya nilete uzi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua wa makuti, ndani makungwi na mwali, na humo kulikuwa kunapigwa ngoma, ngoma ya mkono. Kama saa nne hivi akatoka nyakanga, mkuu wa makungwi, bibi mfupi mwenye sauti ya kiume, ameshika ungo. Kila mwanamke aliyetaka kuingia alitakiwa aweke simu kwenye ungo. Nikauliza kulikoni. Nikaambiwa mwaka wa nyuma yake mtu alirekodi humo ndani, kipande kikaruka kwenye magrupu ya WhatsApp, na kesho yake wanaume wakawa wanakiangalia kijiweni kwenye kahawa. Ungo ulipojaa, bibi akautua miguuni pangu. "Mjomba, umekuja na suruali ya mjini, kaa hapo ulinde."

Nikakaa. Simu kama arobaini, nyingine vioo vimepasuka, nyingine zimefungwa na mpira wa manati. Zikawa zinaita. Moja inaita kwa singeli, moja kaswida, moja kwaya, moja Bongo Fleva ya zamani, moja inataja jina la anayepiga kwa sauti ya roboti. Kulia kwangu spika, kushoto kwangu ngoma nyuma ya makuti, katikati mimi na ungo.

Swali langu si kwamba ngoma inakufa, maana ilikuwa inapigwa hatua tano kutoka nilipokaa. Kinachonisumbua ni kwamba zamani ukienda kwenye ngoma ulikuwa na kazi: ulipiga, uliitikia au ulicheza. Hata mtoto alitumwa kuleta majani ya kupashia. Safari hii nje pale tulikuwa watu mia na kitu, na kazi zetu zilikuwa mbili, kutazama na kutoa tunzo. Mwali alipotoka asubuhi amebebwa begani, mwavuli juu, noti zimebanwa kwenye kanga, mbele yake hapakuwa na uso hata mmoja, vioo vya simu tu. Karibuni.

Korosho Ghafi

Yaani mjomba umelipia spika, umelinda simu, halafu unakuja kulia humu? Ungepeleka hela ya wapiga ngoma.

Mjomba wa Kitangari

Nilipeleka hela. Dada ndiye aliyeamua matumizi. Wewe una dada?

Dijei wa Tandahimba

Mimi ndio hao akina kofia. Sio mimi wa siku hiyo, ila kazi ni hiyohiyo, msimu mzima kuanzia malipo ya korosho mpaka shule zikifunguliwa.

Ngoja niwaambie hesabu zetu ambazo wazee hawazisemi. Mpiga chinganga wa kijijini kwetu ana zaidi ya miaka sabini. Anakuja na wenzake wanne, wote wanakula, wote wanakunywa uraka, ile pombe ya mabibo, na ikifika saa saba usiku mkono umechoka. Mimi nakuja na kijana mmoja na dumu la petroli. Mwenye shughuli akichagua mimi, amefanya dhambi gani?

Halafu hiyo singeli mnayoisema kama imetoka mwezini. Imetoka Dar, Manzese na Tandale huko, na kabla yake kulikuwa na mchiriku, vijana wanapiga vinanda vidogo vya kuchezea watoto, na mchiriku nao umetoka kwenye ngoma za Wazaramo. Kwa hiyo ni ngoma iliyokwenda mjini ikapata umeme, ikaja kututembelea. Mimi mwenyewe nimemrekodi yule mzee akipiga chinganga peke yake, dakika mbili, nikakizungusha, nikaweka singeli juu yake. Nikikipiga hicho kipande uwanja unawaka, mpaka mabibi wanatoka uani kuchungulia.

Mzee nilimlipa? Nilimpa elfu kumi na soda. Aliniuliza sauti yake itabaki humo mpaka lini.

Mchele wa Rondo

Hilo swali la mzee limenikalia vibaya.

Mwalimu Mstaafu, Nachingwea

Nimesoma kimyakimya, naomba nafasi. Mleta uzi umeanzia mwaka ulipokuwa mtoto, ndiyo maana unadhani ulichokiona kilikuwa mwanzo. Kila mmoja wetu ana "zamani" yake, na mara nyingi inaanzia alipokuwa na miaka minane.

Chukua ngoma ya beni. Ilianzia miji ya pwani ya kaskazini, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, watu wanaiga bendi za kijeshi za wazungu: sare, gwaride, vyeo, mfalme na majenerali wa ngoma. Vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana kama mnavyoshindana Simba na Yanga. Vita ya kwanza ya dunia ikaisambaza na askari na wapagazi mpaka huku kwetu. Wazee wa wakati ule walilalamika kwamba vijana wameacha ngoma za kwao wanaiga mzungu. Leo mtoto wa chuo akikuta wazee wanacheza kwa mistari, wana filimbi na fimbo, anaandika "ngoma ya asili".

Masasi ndiko kuna kisa chenyewe. Mmisionari wa Kianglikana Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona hawezi kuliondoa jando. Akaliingiza kanisani. Sala zikawekwa mahali pa matambiko, uwanja ukabarikiwa, yaliyomkera akayakata. Kwa wavulana alifika mbali. Kwa wasichana akakwama, maana makungwi hawakumfungulia mlango. Pwani nako jando lilishashonwa pamoja na Uislamu, likawa na mwalimu na dua zake. Kwa hiyo jando lenu mnaloliita la mababu limepita mikononi mwa padri na shehe.

Kisha vijiji. Miaka ya 1970 watu walihamishwa kwenye vijiji, na Mtwara tulianza mapema kwa sababu ya vita vya Msumbiji mpakani. Mmakua, Myao, Mmakonde na Mmwera wakajikuta mtaa mmoja. Mimi nilifundisha kijiji cha namna hiyo. Mwaka wa kwanza kila kabila lilifanya kambi yake, mwaka wa tatu kambi ikawa moja, na nyimbo zikaanza kuimbwa Kiswahili ili wote waelewe. Hakuna aliyepitisha azimio.

Na serikali nayo ilitia mkono. Tarehe 10 Desemba 1962 Nyerere aliunda wizara ya utamaduni na vijana, akasikitika kwamba tuliosoma tunajua rumba na chachacha kuliko gombesugu na lelemama. Nia njema kabisa. Lakini ngoma zilipopandishwa jukwaani zikapimwa kwa saa. Sindimba ya usiku kucha ikawa ya dakika saba mbele ya mgeni rasmi, na katika dakika saba kinachobaki ni kiuno. Watu wa mikoa mingine wakaijua sindimba kama kiuno, magazeti yakabishana kama ina adabu, na sisi wenyewe tukaanza kuicheza hivyo mashuleni. Mimi nilikuwa mwalimu wa ngoma, nawaambia nilichofanya.

Umesema sasa watu wanatazama tu. Kutazama kulianza pale, mjomba. Simu imekuta viti vimeshapangwa.

Korosho Ghafi

Mwalimu kamaliza. Admini fungeni uzi.

Mpenda Dansi

Usifunge, nina nyongeza moja ndogo. Msondo ni ile ngoma ndefu ya unyago, sawa? NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 ikaita mtindo wake Msondo, bendi ikabadilisha majina weee, JUWATA, OTTU, mwisho jina la ngoma likaimeza bendi yenyewe, ikawa Msondo Ngoma. Wapinzani wao Mlimani Park wakajiita Sikinde, nayo ngoma ya Wazaramo. Gitaa na trampeti, lakini jina la uani. Mtu anacheza Msondo ukumbini Dar hajui ametamka nini.

Bi Mikindani

Marahaba, nyote mlioamkia.

Nimechelewa kuingia maana huu mchezo wa simu nafundishwa na mjukuu. Mimi ni somo, yaani kungwi, nimewacheza wali tangu kabla hamjajengewa daraja la Rufiji. Nitasema kidogo, mengine hayasemwi hapa.

Nyinyi wanaume mmezungumza nusu saa habari ya ngoma na bado mko nje ya ua. Spika, singeli, beni, sindimba, hayo yote ni ya nje. Ya nje tangu hapo yalikuwa ya kubadilika. Wakati wangu nje palipigwa santuri, mtu mmoja alikuwa nayo Mikindani nzima, na hatukusema unyago umekufa. Mwali anatolewa kwa shangwe ya wakati wake. Kilicho ndani ndicho kina kizuizi.

Na msidhani ngoma hii imekaa tu hapa Kusini ikingoja kuonewa huruma. Unyago wa Unguja, ule aliokuwa akiupiga Bi Kidude mpaka wazungu wakamjua, mizizi yake iko kwa watu waliotoka huku bara ya Kusini, Wayao, Wamakonde, watu wa Nyasa, waliopelekwa kwa minyororo kupitia Kilwa. Walifika hawana kitu mkononi. Ngoma haichukuliwi mkononi. Kwa hiyo msiniambie inakufa kwa sababu ya jenereta.

Yule nyakanga wa ungo nimempenda. Mimi natumia beseni.

Binti Ruangwa

Shikamoo Bi. Naomba niseme tofauti na nisipigwe mawe.

Mimi ni Mmwera, nimechezwa nikiwa na miaka tisa. Tisa. Mama yangu alichezwa akiwa ameshavunja ungo, mimi nilikuwa bado nacheza rede. Kwa nini? Kwa sababu shule imebana. Zamani mwali alikaa ndani miezi, siku hizi ni likizo ya Juni au ya Desemba, na wazazi wanaogopa ukisubiri utakuwa kidato cha pili hutapatikana. Kwa hiyo wakanichukua mapema pamoja na dada zangu, gharama iwe moja. Nilifundishwa kwa wiki mbili mambo ya kuishi na mume. Niliporudi shuleni mwalimu mmoja akasema mbele ya darasa "hawa sasa wanawake". Darasa likacheka. Mimi sikuelewa hata kinachochekesha.

Mwalimu Mstaafu amesema kila kitu kilibadilika, kweli. Lakini kuna kilichobadilika vibaya na spika haihusiki: umri umeshuka, somo limebaki lilelile. Hapo ndipo palipopasuka.

Na jambo jingine. Bibi yangu alikuwa na ndonya, kile kipambo kinachotobolewa mdomoni, na chale za nembo usoni, alizaliwa upande wa Makondeni akaolewa huku. Alikufa nazo. Hakuna binti yake aliyezifuata, hakuna mtu aliyemlazimisha aache au aendelee, na sijaona uzi wa kulilia ndonya humu. Tunalilia ngoma kwa sababu ngoma inapendeza.

Mjomba wa Kitangari

Binti, mpwa wangu ana miaka kumi na moja. Nilikuwa sijaliandika hilo hapo juu.

Bi Mikindani

Mwanangu wa Ruangwa, sikupigi mawe. Miaka tisa si sawa. Mimi niliwahi kumrudisha mtoto kwa mama yake, nikamwambia mlete akikua, mama akanuna, akampeleka kwa mwingine. Kungwi naye siku hizi ana bei, na mwenye bei hamkatai mteja. Hilo nalisema juu ya wenzangu na mimi nimo.

Mambo ya mume kwa mtoto wa miaka tisa, kungwi anayejua kazi hayafungui. Kuna ya usafi, kuna ya heshima, kuna ya baadaye. Wiki mbili ndizo zinazoharibu. Kila kitu kinamwagwa kwa mkupuo.

Mchonga Mpingo

Niko Mwenge, Dar, mwaka wa ishirini na kitu. Mmezungumza ngoma, mmesahau kinyago.

Wateja wanadhani Mmakonde kazaliwa na mpingo mkononi. Babu yangu alichonga kofia za midimu, vinyago vya kuvaa ngomani, kwa mti mwepesi, laini, kwa sababu mchezaji anavaa kichwani usiku kucha anarukaruka. Mpingo uvae kichwani? Shingo itavunjika. Mpingo ulishika kasi pale wanunuzi walipokuwa wengi Dar, miaka ya 1950 kuendelea, na hapo ndipo zikazaliwa zile kazi mnazoziona: mashetani, ambayo Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wake, na ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, wa Yakobo Sangwani. Ni sanaa ya mjini, ya watu waliotoka pande zote mbili za Ruvuma. Sioni aibu. Inanisomeshea watoto.

Watu wanasema kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi. Cha mpingo kweli hakinitishi, nakipaka kiwi na kukifunga kwenye gazeti. Lakini midimu ilimtisha babu aliyeichonga. Alikuwa anaificha porini, na hata mke wake alitakiwa aamini kwamba kile kinachotoka usiku si mtu.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa Dar ilivunjwa, vitu 17 vikaibwa, kimoja ni kinyago cha Kimakonde cha kuvaa. Kikaonekana kwenye makumbusho ya watu binafsi Geneva, wao wakiwa wamekinunua. Mtaliano mmoja mtafiti alikitambua mwaka 1990. Kilirudishwa mwaka 2010. Miaka ishirini ya barua! Kimerudi, kiko kwenye kioo, kina taa. Nilikwenda kukiona. Karibu yangu alisimama mama mmoja na watoto wake, anakitazama vizuri tu, anakipiga picha. Nikawaza, huyu zamani angekimbia.

Sijui nilifurahi au nilihuzunika. Nilinunua maji nikarudi kazini.

Mchele wa Rondo

Ndiyo yaleyale ya ungo. Kitu kilichotakiwa kisionekane kimeonekana.

Mmwera Asiyehesabiwa

Mimi hoja yangu fupi. Mtwara kuna tamasha la MaKuYa tangu 2008, Makua, Makonde, Yao, vikundi vinatoka vijijini kuja kucheza. Zuri sana, nimekwenda. Ila jina limetuacha Wamwera nje. Hata machinga wa Kariakoo jina lake limetoka kwetu Lindi, kwa Wamachinga, na hakuna anayetulipa mrabaha.

Dijei wa Tandahimba

Ukihesabiwa utaanza kudai na jenereta.

Mkuu nakubali moja. MaKuYa nimepiga picha vikundi vya vijana wadogo kabisa wanaopiga vinganga vizuri kuliko yule mzee wangu. Kwa hiyo wapigaji wapo. Wanapiga kwa sababu kuna siku, kuna uwanja, kuna jina kutangazwa. Kijijini hawaitwi kwa sababu mimi ndiye ninayeitwa. Nimeanza kufikiria nije na wawili wao, wapige kabla sijawasha jenereta. Nusu saa. Kama mwenye shughuli atakubali kuongeza.

Korosho Ghafi

Mjomba wa Kitangari atalipia.

Mjomba wa Kitangari

Nitalipia, lakini mpwa wa pili ana miaka sita, na baada ya huu uzi nimemwambia dada asinipigie kabla mtoto hajamaliza la saba. Amekata simu. Amepiga tena baada ya dakika kumi kuuliza habari za watoto wangu, kwa hiyo tumeelewana nusu.

Dijei wa Tandahimba

Swali la mwisho mjomba, kwa kazi yangu tu. Ulikaa hatua tano kutoka kwenye ua usiku kucha. Walikuwa wanapiga nini humo ndani? Wimbo unasemaje? Hata kiitikio tu.

Bi Mikindani

Angalia unavyojibu.

Mjomba wa Kitangari

Sikusikia kitu mkuu. Kila wakianza kuitikia, simu moja inaita.

Bi Mikindani

Ahsante, baba.